Saa Moja Isiyokosekana: mwongozo kwa kaunsela anayetaka kujitolea kwa familia za wanajeshi

Mara ya kwanza kukaa na wake wa wanajeshi nilikwenda na kabrasha nene, kalamu za rangi na katoni mbili za maji. Ulikuwa ukumbi wa kanisa, si mbali na kambi moja huku Pwani. Nikazungumza saa nzima kuhusu msongo wa mawazo, nikachora mduara ubaoni, kisha nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto akinyonya, akauliza: "Utarudi lini?" Nikajibu nitajitahidi baada ya wiki mbili, Mungu akipenda. Akacheka, na wenzake wakacheka. "Hata sisi twaambiwa hivyo hivyo. Atarudi Agosti. Mara Oktoba. Mara simu haipatikani."

Wiki mbili zilinikuta Nairobi kwenye semina. Niliporudi baada ya mwezi, kati ya watu thelathini walikuja wanne, na yule mama hakuwemo.

Familia ya mwanajeshi huishi kwa tarehe zinazoshikwa na mtu mwingine, zinazobadilishwa bila wao kuulizwa. Mtaalamu anayekuja kwa moyo mweupe, akaahidi, kisha akakosa, huwa amewaongezea tarehe nyingine ya kutoaminika. Kwa hiyo mwongozo huu, hata pale ninapozungumzia leseni na fomu, unahusu jambo moja: namna ya kutoa saa moja na usiikose. Nauandika kwa hali ya Kenya ninayoijua. Aliye Tanzania au Uganda atabadilisha majina ya sheria na ofisi, mengine yatamfaa.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako kabla ya kufungua mdomo

Mwaka 2005, Marekani, mwanasaikolojia Barbara Van Dahlen alianzisha shirika la Give an Hour. Ombi lake kwa wenzake wa taaluma lilikuwa dogo: kila mmoja atoe saa moja kwa wiki, bila malipo, kwa wanajeshi na jamaa zao. Mimi naona ujanja wa mpango ule uko katika kipimo chake. Ukimwambia mtu ajitolee, ataitikia na kusahau. Ukimwomba saa moja ya Jumamosi, atafungua kalenda.

Basi fungua kalenda ya mwezi uliopita, si ya mwezi ujao. Ya mwezi ujao siku zote ni tupu na inadanganya. Tazama ni Jumamosi ngapi ulikuwa huru kweli, bila harusi, bila matanga, bila mgonjwa wa ukoo. Kisha ujue kwamba saa moja ya kikao si saa moja kwako. Ukikaa kisiwani Mombasa na familia unazozihudumia ziko Likoni au Mtongwe, foleni ya feri peke yake yaweza kula saa nzima. Ongeza kuandika kumbukumbu, simu moja au mbili katikati ya wiki, na kikao chako na msimamizi. Kwangu mimi saa moja hugharimu saa tatu.

Ukishajua hesabu, andika ahadi yako kwa mstari mmoja. Yangu ilisomeka hivi: Jumamosi saa nne asubuhi, familia mbili, kila moja kwa zamu yake, miezi sita. Weka na nauli humo humo. Nimeona watu waliojitolea wakaacha mwezi wa tatu kwa sababu ya nauli tu, na wakaona aibu kuisema.

Ukiona huwezi kila wiki, chagua kila wiki ya pili. Hakuna ubaya. Ubaya ni kusema kila wiki.

Hatua ya 2: Leseni, bima na mtu wa kukusimamia

Kujitolea hakuondoi sheria. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayodai usajili na leseni kwa anayefanya kazi hii, awe analipwa au halipwi. Daktari wa magonjwa ya akili ana baraza lake, muuguzi naye ana lake. Hakikisha leseni yako haijaisha muda, toa nakala, na uulize kampuni yako ya bima kama kinga uliyonayo inakufuata nje ya ofisi. Mara nyingi haikufuati, na kuirekebisha ni mazungumzo ya dakika kumi.

Mwanafunzi wa unasihi asikate tamaa, lakini asiende peke yake. Aende chini ya mtu mwenye leseni, na familia ziambiwe wazi kwamba huyu bado anasoma.

Mtafute msimamizi kabla ya kikao cha kwanza, si baada ya kuchoka. Awe mtu wa nje ya jeshi na nje ya ukoo wako, mkutane walau mara moja kwa mwezi. Kama wewe mwenyewe ni mtoto wa mwanajeshi au mjane wa mwanajeshi, utaijua lugha ya nyumba hizi kuliko sisi wengine. Mwambie msimamizi wako siku ya kwanza, ili akukamate pale utakapoanza kumsikiliza mama yako badala ya mteja.

Hatua ya 3: Jifunze historia wanayoibeba

Usiende mtupu. Vikosi vya Kenya viliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata vikaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde, huko Somalia, ilishambuliwa. Tarehe 27 Januari 2017 ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow, huko huko. Huku Pwani kuna pia operesheni ya msitu wa Boni, Lamu, iliyoanza 2015. Baada ya El Adde idadi rasmi ya waliokufa ilikaa bila kutangazwa, na baadhi ya miili ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA, jamaa wakiwa wanasubiri.

Kwa nini kaunsela ajue hayo? Kwa sababu Januari ikifika, mtu aliyekuwa akiendelea vizuri ataanza kukosa usingizi na hatajua kwa nini. Tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya), wengine huvaa nguo nzuri wakaenda kwenye gwaride, na wengine huzima televisheni wakafunga mlango. Mimi nina alama ya penseli kwenye tarehe hizo zote, na wiki hizo siweki likizo.

Jirani zetu wana tarehe zao. Desemba 7, 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja huko Kivu Kaskazini, Kongo. Anayefanya kazi hii Dar es Salaam au Zanzibar aianze na hiyo.

Jambo jingine la kujua ni nani hasa utakayemkuta. Tukisema familia za wanajeshi, akili hukimbilia mke kijana anayeishi kambini. Huyo angalau ana majirani wanaojua misheni ni nini. Wanaosahaulika ni wazazi wa mwanajeshi walioko kijijini, na mjane aliyehama nyumba ya kambi, kwa kuwa nyumba zile ni za wanaotumikia. Amehamia mtaa ambao hakuna anayejua kwa nini hushtuka gari likisimama nje. Ukiniuliza, saa yako anza nayo hapo.

Hatua ya 4: Tafuta mlango, na usianze na lango kuu

Kambi ni eneo lililolindwa. Huwezi kufika langoni na barua na tabasamu ukategemea kufunguliwa. Jeshi lina madaktari na washauri wake, na lina Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi, Nairobi. Milango ya kawaida kwa raia ni mitatu: chama cha wake wa wanajeshi (MWAK), makasisi na maimamu wa jeshi, na watu wa nje wanaofahamika na familia, kama mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kambi, mwenyekiti wa chama cha akina mama, au mhudumu wa afya ya jamii.

Barua yako iwe ya ukurasa mmoja. Jina, nambari ya leseni, saa unayotoa, muda utakaodumu, jina la msimamizi. Kisha aya fupi ya mambo usiyoyataka: hutaki pesa, hutapiga picha, huna mwandishi wa habari, hufanyi utafiti. Aya hiyo ndiyo itakayosomwa mara mbili.

Mahali pa kukutana nashauri pawe nje ya uzio, ingawa ndani ni rahisi zaidi kwa kila mtu. Mke ataogopa kwamba neno lake litamfikia mkubwa wa mumewe, na kwamba mume atakosa kozi au kupandishwa cheo kwa sababu mkewe "ana wazimu". Hata ukimwapia, macho ya majirani yanamwona anaingia mlango gani. Chumba cha nyuma cha zahanati kinafaa, kwa sababu kila mtu huenda zahanati. Ofisi ya kanisa haimfai Mwislamu, na chumba cha madrasa hakimfai Mkristo. Darasa la shule Jumamosi linawafaa wote, ila viti vya chekechea vitakuumiza mgongo.

Hatua ya 5: Sema siri inaishia wapi

Kabla hujasikia lolote, sema. Mimi hutumia maneno haya karibu kila mara: "Unayoniambia yanabaki hapa. Sitamwambia mumeo, wala mkubwa wake, wala imamu. Yako mambo matatu yatakayonifanya nizungumze na mtu mwingine: ukiniambia unataka kujiua, ukiniambia kuna mtu yuko hatarini kuuawa, au kuna mtoto anaumizwa. Hata hapo nitakwambia wewe kwanza." Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Akisema "kwa hiyo hutamwambia mtu yeyote chochote," narudia tena.

Kuna siri ya pili ambayo makaunsela wa mjini hawaizoei. Usitake kujua mume yuko wapi, kikosi gani, wanaondoka lini. Mke akianza kutaja, mzuie kwa upole: "Mahali usinitajie, niambie ulivyolala jana." Kumbukumbu zako zisiwe na jina la kambi wala tarehe za safari. Tumia nambari badala ya majina, na daftari la kulinganisha nambari na majina likae kwenye kabati lenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa data nyeti, na wewe ndiwe utakayeulizwa ikivuja.

Na makundi ya WhatsApp? Usiunde. Niliwahi kuunda moja kwa nia njema ya kukumbushana saa. Siku ya tatu mtu akatuma picha ya askari aliyejeruhiwa, haijulikani ni wa wapi wala wa mwaka gani, na usiku ule simu yangu haikulala. Ujumbe mfupi kwa mtu mmoja mmoja unatosha.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza, kiwe cha kawaida kabisa

Acha maneno ya kitabuni. Mtu wetu hasemi ana sonona wala wasiwasi uliokithiri. Husema anafikiria sana, kichwa kimejaa, moyo unamdunda, mwili umekufa ganzi, hana hamu ya kupika. Yachukue maneno hayo na uyatumie wewe pia. Badala ya "Unajisikiaje?", uliza vitu vinavyoonekana. Jana ulilala saa ngapi? Simu ikilia usiku, unafanya nini kwanza? Nani anakusaidia na watoto? Mara ya mwisho kucheka ulikuwa na nani?

Mama mmoja alinijibu swali la simu bila kusema neno. Alitoa simu kifuani, akanionyesha waya wa chaja uliorefushwa kwa kipande kingine na kufungwa kwa selotepu. "Nalala nayo hapa," akasema, akigusa shingo. Waya wa kwanza ulikuwa haufiki kitandani. Kutoka kwenye waya ule tulizungumza dakika arobaini.

Ukitaka kipimo cha sonona, fomu ya PHQ-9 ipo kwa Kiswahili na imefanyiwa kazi hapa Kenya. Ina maswali tisa, alama kutoka 0 hadi 27, na kuanzia 10 unatakiwa kutazama kwa makini. Isome naye kwa mdomo, mkiwa wawili. Usiigawe ukumbini kama karatasi ya mtihani. Swali la tisa linauliza kuhusu kutamani kufa, na mtu hawezi kulijibu kweli huku jirani yake akichungulia.

Kama tukio ni la juzi, shambulio au ajali, usimlazimishe mtu asimulie yote kwa kirefu. Kikao kimoja cha kuwakusanya watu waeleze walichokipitia hatua kwa hatua bado kinapendwa na mashirika, lakini Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Linachopendekeza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake ulitoka mwaka 2011: tazama nani anahitaji nini, sikiliza, unganisha na msaada. Katika siku tatu za kwanza, kumtafutia mtu nauli ya kwenda kwa mamake kunaweza kuwa tiba kuliko maneno yako yote.

Kwa wanaoendelea na shida za muda mrefu, Shirika hilo lina mpango wa PM+: vikao vitano, kimoja kwa wiki, dakika tisini kila kimoja. Unafundisha kupumua na kutuliza mwili, kukabili tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli zilizoachwa, na kujiimarisha kwa watu. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, wakihudumiwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, na ukafanya vizuri kuliko huduma ya kawaida. Kwa anayejitolea una faida moja kubwa: una mwisho unaojulikana. Kama utautumia, ongeza nusu saa kwenye ahadi yako tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Jiandae kwa kurudi kuliko kuondoka

Watu hudhani kazi kubwa ni wakati mume yuko misheni. Wakati huo mke huwa imara kwa sababu hana budi. Analipa karo, anamwita fundi, anazozana na mwenye nyumba, analala na mtoto kitandani. Miezi inapita, nyumba inajifunza kuishi bila mtu mmoja. Kisha mtu huyo anarudi na begi, na anataka nafasi yake kama alivyoiacha.

Nilikaa na nyumba moja ambako mtoto wa kiume wa miaka sita alikuwa amelala na mamake mwaka mzima. Usiku wa kwanza baba aliporudi, mtoto alihamishiwa sebuleni. Asubuhi walikuta buti za baba zimejazwa maji. Baba alitaka kumchapa, akaona ni utovu wa adabu ulioletwa na malezi ya mwanamke. Mama alilia, akaona ameshindwa. Mtoto yeye hakuwa na maneno, alikuwa na buti na ndoo.

Tuliyofanya hayakuwa makubwa. Mtoto alirudi chumbani kwa godoro la pembeni kwa wiki mbili, kisha godoro likasogezwa mlangoni, kisha sebuleni, baba ndiye akilisogeza. Kila siku baba alimpeleka shule yeye, si mama. Na wazazi wote wawili wakakaa kitako juu ya mambo matatu ambayo hayakumhusu mtoto huyo: nani sasa anashika nambari ya siri ya M-Pesa, nani anamruhusu binti kutoka jioni, na je, mama ataendelea na biashara ya mitumba aliyoianza baba akiwa hayupo.

Ukiweza, zungumza na familia kabla hajarudi. Waambie wiki za kwanza zisijazwe wageni. Waambie anaweza kukaa kimya, kukosa usingizi, kuchagua kiti kinachotazama mlango, kukasirika kwa kelele za sufuria. Mengi hutulia yenyewe baada ya wiki kadhaa. Yasipotulia kwa zaidi ya mwezi, ndoto mbaya zikaendelea, pombe ikaongezeka, akawa anakwepa watu, hapo ni kiwewe kinachohitaji matibabu yake, na wewe wa saa moja si mahali pake pa mwisho. Mke mmoja aliniambia kwa ufupi: "Amefika, lakini hajarudi." Mume yule tulimpeleka kwa daktari wa jeshi kwa hiari yake, baada ya mkewe kukubali kwenda naye.

Hatua ya 8: Msiba, na msiba usio na kaburi

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Usimwite aje ukumbini, wewe mfuate nyumbani, na kama wewe ni mwanamume mtume mwenzako wa kike. Kwingine kuna matanga, kuna arobaini, kuna kunyoa nywele. Usiingilie. Mila hizi ndizo zinazomshika mtu wiki za kwanza. Nafasi yako ni baadaye, wageni wakishaondoka na masufuria ya kuazima yamerudishwa.

Anayenipa tabu kuliko wote ni yule ambaye hajaletewa mwili. Mtafiti Pauline Boss aliuchunguza msiba wa aina hiyo kwa familia za askari wa Marekani waliopotea vitani, akaonyesha kwamba mtu hawezi kuomboleza asichothibitisha, wala hawezi kuendelea na maisha bila kuzika. Usimsukume akubali kwamba amekufa. Usimpe matumaini pia. Jizoeze kubeba yote mawili: "Huenda yuko, huenda hayuko, na leo watoto wanahitaji sare." Upande wa sheria, Kenya humhesabu mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka saba, na mke wa Kiislamu ana njia yake kupitia Mahakama ya Kadhi. Mwelekeze, usimfasirie.

Ugomvi wa malipo utakukuta. Wakwe wanasema mjane amekula pesa, mjane anasema wakwe wamechukua cheti cha ndoa. Watakuomba barua ya kuthibitisha kwamba fulani ana akili timamu au hana. Kataa. Wapeleke kwa wakili wa msaada wa kisheria, na wewe ubaki kwenye kiti chako.

Hatua ya 9: Hatari, na uzijue nambari kabla hujazihitaji

Uliza kuhusu kujiua kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kwa muda mrefu watu waliogopa kujibu kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wengi hawajasikia, waambie. Akikubali kwamba amewaza, uliza kwa njia gani na kitu hicho kiko wapi. Mara nyingi ni dawa ya kuulia wadudu au vidonge vilivyobaki. Vitoke nyumbani siku hiyo hiyo, kwa mkono wa mtu anayemwamini, na usiondoke mpaka mtu huyo amefika. Jua hospitali yako ya rufaa: Mombasa ni Hospitali Kuu ya Pwani, tunayoiita Makadara, Nairobi kuna Mathari.

Mke akikuambia anapigwa, usiwakalishe wawili pamoja ukaita ushauri wa ndoa. Utamfungulia kichapo cha jioni. Zungumza naye peke yake, mpange atakimbilia wapi, mpe 1195 ya ukatili wa kijinsia, na 116 kwa mtoto. Nambari hizo aziweke kwenye simu kwa jina la fundi cherehani.

Hatua ya 10: Zawadi, uchovu na mambo madogo

Utaletewa madafu, kuku, na siku moja mtu atakununulia kitenge. Madafu kunywa palepale. Kuku ni mjadala, mimi nilimrudisha, nikaonekana nina maringo, na leo ningempokea. Pesa usipokee hata shilingi mia ya nauli.

Ukiugua, piga simu kabla, na uitaje Jumamosi nyingine papo hapo. Ukichoka, mwambie msimamizi wako, si mteja. Vikao vya simu vinafaa kwa wazazi walioko kijijini, ila uliza kwanza kama yuko peke yake na kama spika imezimwa.

Hatua ya 11: Kuondoka

Tarehe ya mwisho itajwe siku ya kwanza, itajwe tena zikibaki Jumamosi nne, kisha tatu, kisha mbili. Usifanye sherehe ya kushtukiza. Mtu aliyezoea kuachwa ghafla anahitaji kuuona mwisho ukija kwa mwendo wa kawaida. Atakasirika kidogo, au atakosa kikao kimoja makusudi ili akuache yeye kwanza. Usimfuate kwa lawama. Kaa kwenye chumba saa yote, hata kama hakuja, ili ajue baadaye kwamba ulikuwepo.

Anayehitaji kuendelea, mkabidhi kwa mtu, usimkabidhi kwa nambari ya simu. Andika kwenye kadi jina la kaunsela mpya, mahali, siku na saa, kwa mwandiko unaosomeka. Mimi huenda naye kikao cha kwanza. Namtambulisha, nawaachia chumba, nanunua chai kibandani ng'ambo ya barabara, na ninaondoka kabla hawajatoka.